Barua ya wazi kwa Mdhibiti wa Soka la Uingereza: mwenye duka alipoigeuza klabu kuwa bango

Kwa:
Mwenyekiti na Bodi,
Mdhibiti Huru wa Soka,
Uingereza.

YAH: MIKE ASHLEY, NEWCASTLE UNITED NA PENGO LILILOBAKI KATIKA KUWAPIMA WAMILIKI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani imeshindikana. Nitakayoyaeleza hapa niliyapeleka kwanza kwa utaratibu wa kawaida, kwa watu waliokuwa na nafasi ya kuyashughulikia kabla ofisi yako haijaanza. Nilichopata ni barua ya kunishukuru kwa kuandika. Ninyi mna kitu ambacho wao walisema hawana, yaani sheria. Sheria ya Utawala wa Soka iliyopata ridhaa ya Mfalme Julai 2025 imewapa mamlaka ya kutoa leseni kwa klabu za madaraja matano ya juu na kumpima mmiliki. Kwa hiyo mzigo huu sasa nautua mlangoni kwenu.

Huenda mtauliza shabiki wa mbali, asiye na tiketi ya msimu, anaingiaje katika mambo haya. Naingia kwa mlango wa televisheni. Fedha za haki za matangazo kutoka nje ya Uingereza zimefika mahali pa kuzizidi zile za ndani, na fedha hizo zinaanzia kwetu sisi tunaolipia vifurushi kila mwezi. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Hoja yangu ni moja. Vipimo vya umiliki vimetungwa kumnasa mwizi na mufilisi. Mike Ashley, mwenye maduka ya Sports Direct aliyeimiliki klabu ya Newcastle United kuanzia 2007 hadi 2021, hakuwa mwizi wala mufilisi. Kipimo cha zamani hakikumgusa, na nina hofu kwamba hata chenu angekipita bila kutoka jasho. Ndiyo maana nawaomba mkae na historia yake kabla hamjatoa leseni nyingi.

Kwanza nimtendee haki. Mwaka 1982, akiwa bado kijana mdogo, alifungua duka la vifaa vya michezo Maidenhead kwa mkopo wa familia. Hakupenda kupigwa picha wala kuhojiwa. Alichokijua ni bei. Alinunua chapa zilizochoka, kina Dunlop, Slazenger, Lonsdale na Karrimor, akaziuza kwa wingi na kwa rahisi katika maduka yaliyojaa mabango ya punguzo, ambako mteja alikuwa akitoka na viatu na lile kombe kubwa la chai lenye jina la duka. Wauzaji wakubwa walipokuwa wakipanga bei ya jezi za timu kwa makubaliano, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa walioipa mamlaka ya ushindani ushahidi. Mwaka 2003 faini ziliwaangukia JJB Sports, Manchester United, Umbro na wengine, na kampuni yake nayo ikapata yake, ndogo. Mzazi aliyemnunulia mtoto jezi kwa nafuu baada ya hapo ana cha kumshukuru.

Februari 2007 aliipeleka Sports Direct kwenye Soko la Hisa la London na kujipatia pauni milioni 929. Miezi mitatu baadaye akanunua hisa za Sir John Hall, mwanahisa mkubwa wa klabu, na hadi kiangazi kinakwisha Newcastle United ilikuwa mali yake kwa takriban pauni milioni 134. Hakukagua vitabu kwa kina kama wanunuzi wafanyavyo, akakuta deni la uwanja ambalo lilipaswa kulipwa lote mara tu mmiliki anapobadilika. Alilipa. Baadaye mkopo wake kwa klabu ulipita pauni milioni 100, bila riba. Nayasema haya mapema ili yasije yakatumika baadaye kunifunga mdomo.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Tangazo lisilolipiwa

Aliyetazama mechi za St James' Park, uwanja wa Newcastle, miaka ile atakumbuka. Kamera ikipanda juu ya jukwaa la Gallowgate, maandishi makubwa ya Sports Direct yamekaa kwenye ukingo wa paa. Ikishuka, mabango ya pembeni ya uwanja yanasema hilohilo. Mechi 19 za nyumbani kila msimu wa Ligi Kuu, na picha zinakwenda dunia nzima. Kwa miaka mingi duka hilo halikuilipa klabu chochote kwa nafasi hiyo.

Utetezi uliokuwa ukitolewa ni kwamba mkopo usio na riba ndio uliokuwa malipo. Inawezekana. Lakini nani alikaa akapiga hesabu hiyo? Muuzaji wa nafasi alikuwa Ashley, mnunuzi alikuwa Ashley, na hakuna mtu wa tatu aliyeitwa mezani kuthamini ukingo wa paa la uwanja wenye viti zaidi ya 52,000. Nafasi ile ikishachukuliwa na duka, mdhamini mwingine hawezi kuinunua, na hilo ni pato ambalo halionekani popote katika hesabu za mwaka kwa sababu halikupata kuwapo.

Kisha likaja jina. Novemba 2009 uwanja uliongezewa anwani ya tovuti ya duka mbele ya jina lake. Novemba 2011 jina la zamani likaondolewa kabisa, ukawa Sports Direct Arena, na maelezo yakawa kwamba ni kuwaonyesha wadhamini jinsi jina linavyoweza kuuzika. Mwaka uliofuata maandishi ya St James' Park yaling'olewa ukutani. Oktoba 2012 kampuni ya Wonga, wakopeshaji wa fedha za haraka kwa riba ya kutisha, ilinunua haki ya jina na kulirudisha lile la awali. Naomba mlitafakari hilo kidogo: watu wa mji walirudishiwa jina la uwanja wao kwa hisani ya mkopesha riba.

Mtaniambia Dave Whelan, aliyekuwa mmiliki wa Wigan Athletic, naye alifanya hivyo. Ni kweli, uwanja wa Wigan Athletic uliitwa JJB kwa jina la duka lake, kisha DW kwa herufi za jina lake. Lakini uwanja ule uliofunguliwa 1999 aliujenga yeye. St James' Park umechezewa soka tangu karne ya 19.

Kinachoniudhi zaidi ni mwenendo wa Ligi Kuu. Ashley aliuza klabu tarehe 7 Oktoba 2021. Siku 11 baadaye klabu nyingine zilikutana na kupiga kura kusimamisha kwa muda mikataba ya udhamini kati ya klabu na makampuni yenye uhusiano na mmiliki, na Desemba kanuni kamili zikapitishwa. Miaka 14 mmiliki alitumia uwanja kutangaza kampuni yake kwa bei anayoitaka mwenyewe, na hakuna aliyeitisha kikao. Alipokuja mmiliki anayeweza kulipa kupita kiasi, yaani mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, kikao kilipatikana ndani ya wiki mbili. Klabu nyingine zilikuwa zikiogopa fedha zinazoingia. Fedha zilizopaswa kuingia na hazikuingia hazikumnyima mtu usingizi nje ya Newcastle.

2. Kauli za uongo kwa mashabiki

Kevin Keegan alirudi kuwa kocha Januari 2008, akajiuzulu Septemba mwaka huohuo. Shauri lake lilisikilizwa na jopo la usuluhishi la Ligi Kuu, na uamuzi wa Oktoba 2009 upo hadharani. Unasema kwamba klabu ilimsajili Ignacio González bila ridhaa ya kocha, na kwamba kocha aliambiwa akamtazame mchezaji huyo YouTube. Klabu yenyewe ilieleza kuwa usajili ule ulikuwa fadhila kwa mawakala wawili wa Amerika Kusini. Ilikiri pia kwamba kauli zake kwa vyombo vya habari, kuwa Keegan ndiye mwenye neno la mwisho katika usajili, zilikuwa za kujipamba tu mbele ya umma.

Keegan alilipwa pauni milioni 2. Mashabiki walionunua tiketi za msimu wakiamini kauli hizo hawakuwa na jopo la kwenda. Mlango huo hadi leo siuoni.

3. Kufungiwa nje

Oktoba 2013, baada ya magazeti ya mjini kuripoti maandamano ya mashabiki, Chronicle, Journal na Sunday Sun yalipigwa marufuku kuingia uwanjani. Klabu iliwaambia wawakilishi wa mashabiki kwamba vikombe havikuwa kipaumbele, bali nafasi kwenye msimamo wa ligi. Kwa mahesabu ya muuza duka inaeleweka, maana kila nafasi kwenye msimamo ina bei yake na kombe haliahidi kitu. Kocha Rafael Benítez alipoondoka 2019 na watu wakaanza kubaki nyumbani, mwisho wa mwaka klabu ikagawa bure tiketi za nusu msimu zipatazo 10,000. Ukifika mahali pa kugawa bure kiti cha St James' Park, kuna jambo ulipaswa kuwauliza watu mapema zaidi.

4. Ghala la Shirebrook

Hili ndilo nililoambiwa mara nyingi kwamba halihusu soka.

Desemba 2015 gazeti la Guardian lilifichua hali ya wafanyakazi katika ghala la Sports Direct huko Shirebrook, Derbyshire. Wafanyakazi wengi walikuwa wa mawakala wa ajira, hawana uhakika wa saa za kazi. Zamu ikiisha walipanga foleni ya kupekuliwa kabla ya kutoka, muda ambao haukulipwa, na ukijumlisha, malipo yao yakawa chini ya kima cha chini cha kisheria. Mtu akichelewa dakika moja alikatwa malipo ya dakika 15. Kulikuwa na utaratibu wa makosa sita, ukiyafikisha unaondoka, na kuugua nako kuliweza kuhesabiwa.

Tazameni kalenda ya 2016. Mei, Newcastle ilishuka daraja. Juni, Ashley alikaa mbele ya kamati ya Bunge ya biashara na kukiri kwamba wafanyakazi walilipwa pungufu ya sheria. Julai, ripoti ya kamati ililifananisha ghala lile na nyumba za kazi za maskini wa enzi ya Malkia Victoria. Agosti ilikubaliwa kwamba malimbikizo ya takriban pauni milioni moja yalipwe. Katika miezi yote hiyo minne hakuna aliyemuuliza, kwa niaba ya soka, kama mtu huyu anafaa kushika taasisi ya umma wa mji mzima. Hakukuwa na swali la namna hiyo kwenye fomu.

Sisemi mwajiri mbaya azuiwe moja kwa moja. Nasema kamati ya Bunge ikiandika kurasa nzima kuhusu namna mtu anavyowatendea walio chini yake, mdhibiti anayempima uadilifu hawezi kudai kuwa kurasa hizo hazimo kwenye jalada.

5. Rangers na Coventry

Uskoti walikuwa na kanuni ya kumzuia mtu kushika klabu mbili, na waliitumia. Desemba 2014 chama cha soka cha huko kilimkatalia Ashley kuongeza hisa zake katika klabu ya Rangers hadi asilimia 29.9, na Machi 2015 kilimtoza faini ya pauni 7,500. Faini ni ndogo, ila kanuni ilifanya kazi. Nyuma ya hapo kulikuwa na mkataba wa biashara ya jezi uliowaudhi mashabiki hata wakasusia kununua, na haki ya jina la uwanja wa Ibrox iliyouzwa kwa kampuni yake kwa pauni moja.

Na wanaosema yameisha alipoondoka Newcastle wasome ya Coventry. Novemba 2022 kampuni yake ya Frasers, inayomiliki Sports Direct, ilinunua uwanja inaochezea Coventry City kwa pauni milioni 17, na wiki chache baadaye klabu ikapewa notisi ya kuhama kabla ya maelewano kupatikana. Mwaka 2024 Sports Direct iliifikisha Newcastle yenyewe kwenye mahakama ya ushindani kwa sababu jezi mpya za Adidas haikupewa kuuza. Ombi lake la zuio lilikataliwa Aprili mwaka huo. Ukiifuata njia yake yote, kutoka Newcastle hadi Ibrox, Coventry na kurudi Newcastle, unakuta mtu anatafuta mahali pa kuuzia jezi na mahali pa kutundika jina.

6. Namna ya kuondoka

Mauzo kwa kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia yalitangazwa kuwa njiani Aprili 2020, wanunuzi wakajitoa Julai, kesi zikafuata, kisha Oktoba 2021 ikasikika kwamba yamekamilika kwa pauni milioni 305. Ligi ilisema imepata uhakikisho wa kisheria kwamba dola ya Saudia haitaendesha klabu. Mashabiki hawakuonyeshwa uhakikisho huo. Mwaka mmoja na nusu walikaa gizani.

Hapa hata mmiliki mwema hatoshi. Whelan aliichukua Wigan 1995 ikiwa daraja la nne, akaifikisha Ligi Kuu 2005, na Mei 2013 ikaifunga Manchester City 1-0 fainali ya Kombe la FA. Aliwapenda watu wake nao wakampenda. Novemba 2018 familia yake iliuza klabu kwa kampuni ya Hong Kong. Kufikia tarehe 1 Julai 2020, wiki chache tu baada ya umiliki kubadilika tena mkono, Wigan ilikuwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ilikatwa pointi 12 na kushuka daraja. Kila mnunuzi katika mlolongo ule alikuwa amepitishwa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema Newcastle haikufa, wakati klabu ya Bury ilifukuzwa ligi Agosti 2019 baada ya kuwamo miaka 125. Ni kweli, na kama kazi yenu ni kuzuia mazishi tu, Ashley ni mwanafunzi bora. Ila sheria iliyowaunda imetaja pia urithi wa klabu na kushauriana na mashabiki.

Mtasema timu kushuka si kosa. Nakubali, ndiyo maana kushuka kwa 2009 na 2016 sikukuweka katika malalamiko.

Mtasema klabu ni mali binafsi na mwenye mali ana uhuru nayo. Bunge lilishajibu hilo lilipoamua kwamba mali hii inahitaji leseni.

Na mtasema Newcastle wana furaha sasa, wamechukua Kombe la Ligi Machi 2025, kombe lao la kwanza kubwa la nyumbani tangu 1955. Nami nilishangilia. Lakini mmiliki mpya kuwa na fedha nyingi hakufuti swali la nani alipaswa kumdhibiti wa zamani, na mmiliki huyu naye ana maswali yake, ambayo barua hii haina nafasi nayo.

Ninachoomba ni haya:

(a) Kila klabu yenye leseni ichapishe kila mwaka orodha ya mikataba yake yote na makampuni ya mmiliki, pamoja na nafasi za matangazo yanayotolewa bure. Mthamini huru aseme thamani yake sokoni, na pungufu lihesabiwe kuwa deni la mmiliki kwa klabu. Kanuni iwe na meno pande zote mbili, kwa anayelipa kupita kiasi na kwa asiyelipa.

(b) Jina la uwanja wa kihistoria lilindwe kama nembo na rangi za jezi, lisibadilishwe bila kura ya mashabiki.

(c) Kipimo cha uadilifu kisome matokeo ya mahakama, mabaraza ya kazi na kamati za Bunge kuhusu biashara nyingine za mmiliki, na kifanywe tena kila jambo zito linapojitokeza.

(d) Klabu ikithibitika kuwadanganya mashabiki katika kauli rasmi, leseni iguswe.

(e) Muuzaji awasilishe mpango wa kuondoka unaoonyesha madeni, uwanja na mikataba ya jezi inayobaki na nani, na mashabiki waelezwe hatua ya mauzo kwa tarehe zinazojulikana.

Naomba jibu la maandishi kwa kila kipengele, na litangazwe kwa umma kama barua hii ilivyotangazwa. Pale mtakaposema sheria haiwaruhusu, tajeni kifungu, ili tujue wa kumwandikia barua inayofuata.

Natanguliza shukrani.

Wako mwaminifu,
Shabiki na mlipaji wa kila mwezi.

Nakala:
Bodi ya Ligi Kuu ya Uingereza
Kamati ya Bunge ya Utamaduni, Habari na Michezo